Utomvu kwenye Kijiti cha Papa

Ndege mwenyewe hana cha kutamanisha. Ni wa kijivu kama jivu la mbabula, lile jiko la makaa, mdogo, ana michirizi myembamba kichwani na kifuani, na jicho jeusi kubwa kuliko uso wake. Papa, baba yangu mzazi, ambaye alistaafu kazi ya reli na sasa miguu haimbebi, alinifundisha mimi binti yake nisimtafute kwa rangi, nimtafute kwa kazi yake. Anakaa wima juu ya kijiti, kimya kabisa. Nzi akipita anachupa, mdomo unalia tap, kisha anarudi palepale. Si kando kidogo, ni palepale. Papa alisema anatoka Ulaya, anafika hapa Kalemie na mvua za kwanza, na anaondoka mvua zikikaribia kuisha. Kila asubuhi alitaka kiti chake kielekezwe kwenye kile kijiti cha uani, na chai ilipoa akimtazama.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilikuwa naanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye nyavu kuukuu pale uani, na kila nikigeuka namuona yule ndege anachupa juu ya samaki wangu. Nikasema huyu njo mwizi. Papa akabisha, akasema hali samaki, anakula nzi wanaowatagia mayai. Nikaona anamtetea rafiki yake tu. Basi mchana mmoja, Papa amelala, nikachemsha utomvu wa mkuyu mpaka ukanata, nikaupaka kwenye kijiti, namna tulivyonasa ndege wa kuchoma tulipokuwa watoto.

Sikungoja sana. Nilimkuta amenasa mkia na miguu, mwepesi, hana nyama ya kujaza hata kijiko. Mdomoni alikuwa ameshika nzi.

Nilisikia vibaya, jamani. Nikamlainisha kwa mawese, nikamvuta polepole, lakini manyoya ya mkia yakabaki kwenye kijiti. Akaruka kwa shida mpaka paa la jirani, akapotea. Papa alipoamka akaona yale manyoya, akauliza ni mutoto wa nani amefanya hivi. Nikajibu kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Wiki ile ndagala zangu ziliingia mabuu, nikazimwaga zote ziwani.

Mvua zikaisha, zikarudi. Papa akadai kiti chake mahali pake. Siku zikapita, mwezi ukaisha, kijiti kitupu, na yeye hata chai hataki mpaka atazame kwanza. Asubuhi moja nikashindwa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Papa, ule utomvu, njo mimi niliyeupaka."

Hakunitazama.

"Nilijua siku ileile, mikono yako ilinuka utomvu," akasema. "Sasa sogea, mama. Unanizibia kijiti."