Mfuko wa Usaha na Mama Mkwe

Jipu lililoota ndani ya ini langu halikuwa na adabu hata kidogo. Mimi nilikuwa nayo tele, na ndiyo iliyokaribia kuniua.

Nilikuwa nimelazwa Nyeri mjini. Daktari alinidunga ganzi chini ya mbavu, akasukuma sindano ndefu huku macho yakiwa kwenye skrini, kisha akaniachia mpira mwembamba wa kutolea usaha hadi kwenye mfuko wa plastiki. Usaha ulikuwa na rangi ya mchuzi wa maharagwe. Tangu siku hiyo mimi na githeri, yale mahindi yetu na maharagwe, hatuelewani. Sharti lilikuwa moja: mfuko uning'inie chini kuliko kitanda ili usaha uteremke wenyewe. Ukigoma kutoka na homa ikarudi, nitapasuliwa tumbo. Nilimwambia nimeelewa. Mimi ni mwalimu, kuelewa ndiyo kazi yangu.

Kesho yake mchana akaja mama mkwe kutoka Kiriaini, pamoja na akina mama wa kanisa lake waliobeba chupa za supu. Kwetu mwanamume hamfunulii mama mkwe hata goti. Hambishii, na chai mbele yake anainywa kama mtu aliye kwenye mtihani. Niliposikia sauti yake mlangoni nilivuta blanketi hadi kidevuni, na mpira wote ukafichika humo.

Alichoona ni mfuko tu, unaning'inia karibu na sakafu.

"Ati dawa ya mgonjwa inawekwa chini, mahali watu wanakanyaga?" aliwauliza wenzake. "Hawa manesi wa siku hizi hawana heshima."

Akauinua, akauangika juu kwenye stendi kando ya dripu, akaufunika kwa leso yake usiingie vumbi. Wenzake wakaitikia amina.

Ningesema nini? Mama, hiyo si dawa, ni usaha, tena unatoka tumboni mwangu? Nililipima jambo hilo kwa makini nikaona afadhali kufa. Nikamshukuru. Wakaniombea, ombi likapitia serikali, mvua na bei ya majani chai kabla ya kufika kwenye ini langu. Wakaenda. Yeye akabaki kunilinda mpaka binti yake atoke kazini, na kila nilipotazama ile stendi alinitolea tabasamu.

Kufikia jioni homa ilikuwa imerudi, meno yanagongana. Mke wangu alipofika akafunua leso.

"Nani ameweka hii huku juu?"

"Ni mimi," mama yake akasema. "Ilikuwa chini."

Mke wangu akamweleza kwa Kikuyu, bila kuficha kitu, hata rangi. Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unaangalia tu?"

"Ningemwambiaje mama?" nilisema, na hata mimi nilisikia upumbavu wake.

Daktari akaitwa. Aliuteremsha mfuko, akausafisha mpira kwa maji ya chumvi, akasema kama hakuna kitakachotoka, asubuhi ni kisu. Akaenda kuandaa chumba cha upasuaji. Niliogopa kisu, lakini aibu ilinishika zaidi, maana mama mkwe alikuwa amevuta kiti mpaka ubavuni mwangu.

Alilishika blanketi mwenyewe, akalishusha. Akautazama mpira pale unapoingilia, nami nikageuza uso ukutani.

"Baba," alisema, "mimi nilizika bwana yangu. Alikuwa mtu wa heshima sana. Alinyamaza na ugonjwa yake mpaka ikammaliza, na watu wakamsifu kwa mazishi. Mtoto yangu hataenda kusikia sifa kama hiyo. Lala na huu upande tuone kama inatoka."

Niligeuka, tumbo wazi mbele ya mama mkwe, na usaha ukaanza kushuka.