Tulianza Roret, Merigi Ikangoja

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya mjukuu wangu Chebet. Ako kolej, anasomea mambo ya kuzalisha wamama, na kanisa ilimpatia nafasi ya kwenda Malawi kujitolea hospitalini. Sasa kwetu msichana haendi mbali hivi hivi kama anaenda dukani. Lazima watu wa baba na watu wa mama wamuone, wampulizie maziwa kifuani, wamwambie enda salama. Na wa kwanza ni senge, dada ya baba yake. Huyo senge ni msichana wangu Rael, ameolewa Merigi. Ndiye alibeba Chebet mgongoni wakati mama yake alikuwa mgonjwa, mpaka mtoto akazoea kumuita Mama.

Asubuhi, kwetu Mogogosiek. Tulikuwa tumepanga Merigi moja kwa moja. Lakini pale barabarani, karibu na fakitori ya majani chai, tukakuta jirani na pikap yake, anaenda Roret. Yeye huniita kogo, yaani nyanya. "Kogo, panda mbele! Kiti iko na kitambaa." Wewe ungekataa? Mimi napenda kukaa mbele! Nikamwambia Chebet, "Si tuanze kwa anko yako Roret?"

"Na senge?"

"Senge ni mtoto wangu, hawezi kukasirika."

Tukapanda. Majani chai ilikuwa imenyeshewa, inang'aa pande zote, na mimi naongea tu, naonyesha dereva nani anaishi wapi, nani alihama, ng'ombe ya nani ilizaa mapacha.

Roret, jua ikiwa juu. Anko ya Chebet, ndugu ya mama yake, alitupokea na kelele. "Malawi! Wenzako wanaenda Amerika kutafuta dola, wewe unaenda Malawi kufanya kazi ya bure! Kwani hapa Roret wamama hawazai?"

"Wanazaa, Anko. Lakini tayari wako na wewe wa kuwapigia kelele."

Weh! Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Tukala kuku na ugali, tukanywa mursik, ile maziwa yetu ya kibuyu. Halafu anko akasimama, akajaza maziwa mdomoni, akampulizia Chebet kifuani, pfuu. Macho yake ilikuwa na machozi. Nilifurahi nikashindwa kunyamaza. Nikaomba waniwekee video, nikampigia Rael. "Ona, Rael! Ona mtoto amelowa maziwa!"

Rael aliangalia tu. "Nimeona, Mama." Simu ikakatika. Nikadhani ni netwak.

Merigi, jioni, mvua ikianza. Rael alikuwa anakamua na hakuacha kukamua. "Chamgei, Rael." "Chamgei, Mama." Alipomaliza akatuingiza ndani. Viti ilikuwa na vitambaa nyeupe zimefuliwa. Kibuyu ilikuwa ukutani, imepakwa mafuta, imejaa, inangoja mtu. Hakuitoa. Akatuletea turungi.

Turungi! Ndoo ya maziwa iko hapo mlangoni inatoa povu. Kwetu, mtu wa ng'ombe akikupatia chai bila maziwa, amemaliza kuongea na wewe.

"Rael, maziwa imeenda wapi?"

"Maziwa mlishakunywa Roret."

Chebet akapiga magoti. "Mama, nipulizie. Naenda mbali."

"Simama, mtoto. Sina kisirani na wewe, wewe ulifuata mkubwa." Akaniangalia mimi. "Lakini mimi nilikuwa wa kwanza, na sasa wa kwanza ameshapita. Siwezi kuwa wa pili kwa mtoto wa mgongo wangu."

Akatusindikiza mpaka barabarani. Mwavuli yote aliwekea Chebet, yeye akalowa. Na hakusema enda salama.

Tulirudi Mogogosiek giza ikiingia, Chebet ameangalia dirisha njia yote. Wiki hiyo akapanda ndege hivyo hivyo.

Akiwa Malawi, alikuwa ananipigia simu, anacheka, ananiambia mtoto gani amezaliwa. Rael hakumpigia hata siku moja. Lakini mimi alinipigia kila jioni. "Mtoto amekula?"

"Mpigie mwenyewe."

"Sina kredit."

Na ananiambia hivyo kwa simu!

Siku ya Chebet kurudi, nilichinja kuku, nikawasha moto mapema, nikaita majirani. Mchana ikaisha. Jioni Rael akapiga.

"Mama, ako hapa. Alishukia hapa."

"Mpatie simu nimsalimie."

"Amelala."

"Si umuamshe kidogo tu?"

"Wacha alale, Mama."

Basi nimejifunza. Mtu wa kwanza ni wa kwanza hata kama ulimzaa wewe mwenyewe, na mlango yake ndio unaenda kabla ya zingine, hata kama pikap inaenda upande ingine. Nilitaka kukasirika, lakini ningemkasirikia nani? Majirani wakaniuliza, "Kogo, mgeni amefika wapi?" Na mimi, mdomo hii yangu yote, nikawaambia tu wakule kuku.