Nilimkalisha binti yangu kwenye kochi kwa sababu amekua: ushuhuda wa mwalimu wa sayansi

Wakuu, sogeeni karibu mnisikilize. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Haya yametokea nyumbani kwangu. Sitajipamba. Pale nitakapoonekana mjinga, msidhani nimetia chumvi. Ndivyo nilivyokuwa.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi, huku Kilosa, maeneo ya Chanzuru. Mada yangu ya kujidai ni balehe. Nachora ubaoni, naeleza taratibu, nahakikisha hakuna anayemcheka mwenzake. Huwa nawaambia watoto kwamba mwili unaokua unataka kuchezeshwa. Mifupa inajijenga, misuli inajijenga, moyo nao unajifunza kazi. Ukikaa tu umri huo, unaunyima mwili mazoezi wakati unayahitaji kuliko wakati wowote.

Somo zuri. Shida ni kwamba liliishia kwenye geti la shule.

Binti yangu, tumwite Rehema, alivunja ungo likizo ya Desemba, akiwa na miaka kumi na miwili. Kwetu mtoto akifika hapo ni mwali. Anawekwa ndani, shangazi anakuja kumfunda, kisha anatolewa kwa vigelegele. Zamani ilikuwa miezi. Siku hizi kuna shule, kwa hiyo siku saba zinatosha.

Dada yangu mkubwa, Hadija, alitoka Mikumi akaja kuifanya kazi hiyo. Siku ya nane akamtoa mtoto na khanga mpya, pilau likaliwa, akarudi kwake.

Hapo sasa ndipo msomi nikaingia kazini.

Nilimtazama Rehema nikaona amerefuka. Nikawawaza vijana wa bodaboda pale kijiweni. Nikatunga sheria bila kuitisha kikao. Bombani haendi. Shuleni nampeleka mwenyewe kwa pikipiki yangu, ingawa ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Netiboli basi, maana sketi ile ni fupi na uwanja uko kando ya barabara.

Mkumbuke, Rehema alikuwa mfungaji wa timu ya shule yake. Mechi za kata alikuwa akizisubiri kuliko Idi.

Shule yake si hii ninayofundisha mimi, kwa hiyo mwalimu wao wa michezo alinipigia simu kuuliza. Nikamwambia mtoto ana kifua. Nilikuwa nimesimama nje ya darasa langu, chaki mkononi, nadanganya.

Ili asichoke kukaa, nikanunua king'amuzi, na simu yangu ya zamani nikamwachia. Kila nikirudi namkuta kwenye kochi, moyo wangu unatulia. Nikajiona baba bora wa kata nzima.

Mama yake aliniambia mara mbili kwamba mtoto hana raha. Nikamweleza kwa upole, kama darasani, kwamba ni hali ya kawaida ya umri. Analala mchana kutwa? Umri. Tumbo la mwezi linamuuma kuliko mwanzo? Umri. Haongei? Umri huo huo. Nilikuwa na jibu moja kwa maswali yote, na nilikuwa nimelisomea chuoni.

Likizo ya mwezi wa sita tukaenda Mikumi kwa Dada. Ana shamba la maharage juu, upande wa milima ya Vidunda, akaomba tukamsaidie kuvuna. Tulianza kupanda asubuhi. Dada mbele na kikapu kichwani, Rehema katikati, mimi nyuma nikifafanua aina za udongo.

Hatukufika mbali. Rehema akasimama, akashika kiuno, akakaa juu ya jiwe. Pumzi juu juu. Huyu ni mtoto aliyekuwa akimaliza mechi nzima na bado anakimbia kurudi nyumbani.

Nikaanza kumhutubia kuhusu uvivu wa vijana wa siku hizi. Nikataja simu, nikataja tivii. Kabla sijamaliza pumzi ikaniishia, na mimi nikatafuta jiwe langu. Kikapu cha Dada hata hakikutikisika.

Dada akamuuliza mtoto kama anaumwa. Akasema haumwi, ila siku hizi hatembei. Kwa nini? Baba amekataza. Akaeleza yote, bomba, pikipiki, netiboli, hadi kile kifua.

Dada akatua kikapu.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilimweka ndani siku saba nikamtoa. Wewe huu mwezi wa saba. Kungwi ni nani hapa?"

Nikasema namlinda.

"Kumlinda ndiyo kumkalisha? Mwali akishatolewa, nani kakufundisha kumrudisha ndani?"

Nikamgeukia Rehema anitetee. Alikuwa akitazama chini.

"Nilidhani nimekosa, baba," akasema. "Nilidhani kukua ndiyo kosa lenyewe."

Wakuu, watoto wa watu huwa nawajibu maswali yote ya balehe. Wangu nilimwacha abaki na hilo miezi yote hiyo. Nikamwambia kosa ni langu, si lake. Nilisema kwa kukatakata, nusu aibu, nusu pumzi.

Tuliporudi nilimfuata yule mwalimu wa michezo nikakiri kwamba kifua hakikuwepo. Alianza kucheka, akaacha. Mechi za kata zilishapita, Rehema akiwa kwenye kochi. Hilo siwezi kumrudishia.

Ameanza upya, akiwa sub. Sketi tuliongea, anavaa taiti ndani, ikaisha. Shuleni anatembea, na siku ninazoweza natembea naye. Wale vijana wa kijiweni nimewafahamu kwa majina, na wao wanajua ni mtoto wa nani. Hofu yangu ilikuwa na msingi. Dawa yake ndiyo niliikosea.

Juzi alicheza kipindi cha pili chote. Alikosa magoli mengi, na njia nzima akanieleza kila moja alivyolikosa. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliisikia sauti yake kwa muda mrefu hivyo.

Nilichojifunza ni kwamba tunawalaumu watoto kwa kukaa, kumbe mara nyingine kiti tumewawekea sisi. Mnaruhusiwa kunichana, nimezoea. Wenye mabinti na wenye vijana wa kiume wanaoshinda kwenye magemu, leteni uzoefu wenu hapa chini.

Ila kabla hujaandika, mwite mwanao. Muulize anadhani ni kwa nini ulimkataza kutoka. Halafu nyamaza mpaka amalize.