Nyumba ya Nane

Kila Alhamisi jioni, shirika lao la majirani Wakatoliki kule Annexe, pembezoni mwa mji, lilisali nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Nyumba zilikuwa nane, na ya nane ni ya Constance, mkulima wa mihogo, aliyemtunza mama yake, Régine. Huyu mjane wa mtu wa reli miguu ilikuwa imemkataa. Parokia hakuiona tena. Aliomba kitu kimoja tu: sala ije kwake naye angali hai.

Zamani zamu ilipangwa kwa mdomo. Kisha Sylvain, mtoto wa mwenyekiti, aliyekuwa akisoma informatique, elimu ya kompyuta, akatengeneza programu ya kutuma ujumbe kwenye simu: leo tunasali kwa fulani. Watu wakapiga makofi.

Zamu ya Constance ilipofika, alifagia ua, akaazima viti, akamvika mama yake kikwembe, kitenge chenye picha ya Bikira Maria. Simu ikalia: "Leo tunasali parokia."

"Banakuya?" mama akauliza, akitazama mlangoni kama wanakuja.

"Wiki ingine, mama."

Wiki iliyofuata sala ikawa kwa Antoine, nyumba ya kwanza. Mzunguko umeanza upya. Constance akawaza: Labda wanakimbia harufu ya ugonjwa.

Mzunguko wa pili, vilevile: viti, kikwembe, parokia. Mama yake akakataa kuvuliwa, akalala nacho.

Mara ya tatu Constance hakuazima kiti. Mchana alimfuata Sylvain kwao.

"Sylvain, uniambie wazi. Nyumba yangu inanuka?"

Kijana akafungua ordinateur, kompyuta yake, akatazama, akacheka kwa aibu.

"Aa, mama Constance! Kosa njo yangu. Programu inagawanya namba ya wiki kwa nane. Ile inabakia, njo nyumba. Ikibakia moja, ni kwa papa Antoine. Ikibakia saba, kwa mama Claudine. Lakini wiki ya nane hakubakie kitu, ni zéro. Nyumba zéro haiko. Na miye niliandika: ukikosa nyumba, tuma bantu parokia."

"Na miye?"

"Hesabu inazunguka, haikufikie. Nitatoa moja mbele ya kugawanya, kisha nirudishe moja. Ona, inaisha."

Kazi ilimalizika kabla Constance hajapata pa kukaa.

Jioni ile wanashirika wakaja wote; Sylvain alikuwa amewasimulia, nao walicheka tangu mlangoni.

"Machine ilikuficha, mama!" akasema Claudine.

"Machine hainijue," Constance akajibu. "Weye unanijua. Tunachota maji pamoja. Mara mbili nyumba yangu ilirukwa, na hakuna mwenye aliuliza."

Kicheko kikakauka. Wakasimama kuzunguka kitanda, maana viti havikuwepo, wakaanza wimbo. Kikwembe kilikuwa nje kwenye kamba, bado kibichi. Mama Régine akasikiliza ubeti mmoja, kisha akageuza uso ukutani.

"Constance," akasema, "ubaambie bapunguze sauti. Minataka kulala."