Mwanga Unaopoza Kioo

Vita vilipomtoa Védaste chuoni Bukavu, mwaka 1996, alivuka mpaka na ukurasa mmoja tu wa gazeti la sayansi. Miaka mitatu baadaye alikuwa mbeba chanjo: kila mwezi alipanda vilima kwa miguu kutoka bohari ya chanjo ya Kamembe hadi zahanati ya Bweyeye, sanduku la barafu mgongoni, na kila kilima kikimnyang'anya barafu kidogo.

Ukurasa ule ulieleza jinsi wataalamu walivyopitisha mwanga wa leza, mwali mwembamba wa rangi moja, ndani ya kioo chenye madini adimu. Mwanga ulitoka na nguvu kuliko ulivyoingia. Nyongeza hiyo uliichota kwenye joto la kioo chenyewe. Kioo kikapoa, kidogo sana, bila barafu wala friji ya mafuta ya taa! Kila alipopumzika kwa Maman Nzigire, mjane aliyeishi njiani na kumwita papa, yaani baba, Védaste alimsimulia habari hiyo, macho yakiwaka.

Mwezi wa Julai malaria ilimwangusha kwenye mkeka wa mama huyo. Alipozinduka, jua lilikuwa la utosi, na uani chupa zote za chanjo ya surua zilikuwa zimepangwa juu ya ungo, zikimetameta.

"Maman! Umefanya nini?"

"Barafu iliisha, papa. Nikazitia kwenye mwangaza. Si weye ulisema mwangaza unapoozesha kioo?"

"Nilisema leza!"

"Na jua letu lina kasoro gani?"

Védaste alitaka kufoka, akashindwa. Miezi yote alimpa muujiza tu; hakumwambia kamwe kwamba jua huchoma chanjo. Na kesho watoto wa Bweyeye wangepangwa foleni, surua ikiwa imeshazika wawili.

"Zimekufa, Maman. Lazima nirudi Kamembe."

Nzigire akajifunga kitenge kiunoni. "Mimi napanda Bweyeye. Nitaambia bamaman ba batoto kosa ni langu, bakungojee siku mbili. Weye kimbia. Na siku ile taa yako ya kupoozesha ikikuja, nami nione."

Kesho yake, Kamembe, chanjo na barafu mpya zikipangwa, Védaste alisimama akiitazama Bukavu ng'ambo ya ziwa, kule alikotoka. Alilitafuta paa la chuo kati ya mabati mengi, akaliona, au alidhani ameliona. Homa bado ilimtetemesha.

"Papa, sanduku tayari," muuguzi aliita.

Akalibeba, akaipa Bukavu mgongo, akaanza kupanda.