Ndege Wanatua, Ndege Zinatua

Mie ni mwalimu wa Kiswahili, Mbagala. Kila mwaka mbayuwayu wakija kutoka Ulaya, huwatazama kwenye nyaya za sokoni, nikashukuru wamefika salama. Juzi sikumwona hata mmoja, roho ikaniuma. Waendesha bodaboda wanazunguka kutwa, hawakosi kuwaona. Nikapanda bodaboda moja, na kwa haraka zangu nikamwambia dereva, "Nipeleke ndege za Ulaya zinapotua."

Njia nzima nilitazama juu, nikiwaza wangapi wamefia safarini.

Tukasimama kwenye geti la uwanja wa ndege. Nikafoka, "Natafuta mbayuwayu mie!"

Dereva akavua kofia. Nilimfundisha darasa la tano.

"Shikamoo, mwalimu. Ungesema 'wanapotua' ningekuelewa. Kosa hilohilo ndilo ulilonichapia."