Katiba Tatu za Fundi Futi

Mimi nauza vitambaa, na sijaona mtu nisiyeweza kupatana naye bei, iwe wauzaji wa jumla, mgambo au wakwe zangu. Katiba ndiyo iliyonishinda, na jirani yangu ni shahidi: fundi cherehani tunayemwita Futi.

Futi alizaliwa mtaa wa nyuma ya soko letu. Mama yake ni wa hapa. Baba alivuka mpaka kuja kutandika reli. Katiba ya kwanza ilisema aliyezaliwa hapa ni wa hapa. Kisha tukagombana na nchi jirani, wakubwa wakaibadilisha: mtoto amfuate baba. Futi akawa mgeni bila kuinuka kwenye kigoda chake. Hakuna aliyemsumbua, suruali haiulizwi uraia.

Ilipokuja katiba mpya, kura hakuwa nayo, lakini alishona kofia za "Ndiyo" kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Umeisoma?" nikamuuliza.

"Kaka, inasema mama naye anarithisha uraia. Nisome nini tena?"

Hakufika mstari wa chini: ni kwa watakaozaliwa baada ya katiba kuanza.

Ndiyo ikashinda, tukacheza. Nyuma yake ikaja sheria ya masoko: vibanda ni vya raia tu. Karani wa soko akasimama mbele ya cherehani.

"Fundi, hamisha vitu."

"Nimezaliwa hapo nyuma!"

"Umewahi mno kuzaliwa."

Watu wakaangua kicheko. Futi naye akacheka, halafu akaanza kukunja nguo za wateja.

Nikaingilia. "Karani, mama yake je?"

"Huyo raia. Aandikishwe yeye, ila akae humu mwenyewe. Tukimkosa, tunafunga."

"Na akifa?"

"Mgeni harithi kibanda."

Nikamwambia Futi akubali. Bora nusu shari. Sasa kila asubuhi anamleta mama yake kwa mkokoteni, kikongwe asiyeona, anamkalisha katikati ya vipande vya nguo.

"Shikamoo, tajiri!" wateja humtania.

"Marahaba. Mwambieni kibarua wangu asilale."

Wengine humfariji Futi: katiba itarekebishwa tena. Hujibu, "Imkute Mama hai."

Mwaka huu baridi imewahi. Kikongwe akikohoa, cherehani inanyamaza. Futi anasubiri, mguu juu ya pedali, mpaka asikie anavuta pumzi nyingine.